Breki za Rodi na Waya kwenye Gari la Kale: Kutafuta Tatizo na Kulimaliza

Kwenye gari lenye breki za mafuta, ukikanyaga pedali shinikizo husambaa lenyewe na kufika magurudumu yote kwa wakati mmoja. Kwenye gari la kale lenye breki za rodi (fimbo za chuma zinazovutwa na pedali) au waya, mgawo huo unautegemea mkono wa aliyezirekebisha mara ya mwisho. Gurudumu moja likibanwa mapema kuliko mengine, hilo ndilo litakalobeba kazi yote huku mengine matatu yakizunguka tu. Kwa sababu hiyo breki hizi zimepewa sifa mbaya ambayo kwa maoni yangu hazistahili. Zikiwa nzima na zimepangwa vizuri, zinasimamisha gari kwa uhakika. Zikirekebishwa ovyo, hata ukikanyaga kwa miguu yote miwili hupati kitu.

Magari yenye breki za aina hii ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Austin 7 ilitoka mwaka 1922 ikiwa na breki za waya kwenye magurudumu yote manne. Ford Model A, iliyoanza kuundwa 1927, ilitumia rodi, na kampuni hiyo haikuhamia kwenye mafuta mpaka modeli zake za 1939, ingawa Duesenberg walikuwa wameshaanza kuuza gari lenye breki za mafuta kwenye magurudumu manne tangu 1921. Uingereza, Ford Popular ya 1953 hadi 1959 bado ilikuwa na rodi. Volkswagen Beetle ya daraja la chini iliendelea na waya mpaka 1962. Kwa hiyo ninayoyaeleza hapa si ya gari moja. Vipimo kamili utavikuta kwenye kitabu cha gari lako. Mimi naeleza namna ya kufikiri na mpangilio wa kazi, maana mpangilio ndio unaowashinda wengi.

Nitangulize jambo moja ambalo nalirudia kwa kila anayeniuliza: pedali ikizama, usikimbilie kufupisha rodi. Anza kwenye gurudumu, kisha rudi hatua kwa hatua kuelekea kwenye pedali. Sababu yake nitaieleza mbele kidogo, na ni sababu ya uhai na kifo.

Kabla hujashika spana

Weka gari mahali tambarare, penye sakafu ngumu. Kinga magurudumu kwa kabari, kwa sababu breki ya mkono ni sehemu ya kitu unachokwenda kukifungua, na kwenye magari mengi ya zamani inatumia viatu vilevile vya breki ya mguu, yaani vile vipande vilivyopinda vinavyotanuka na kusugua ndani ya dramu, ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu. Usiitegemee. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Tumia stendi imara.

Stendi ziweke chini ya ekseli, si chini ya chasisi. Ukiinua chasisi, ekseli inaning'inia, springi zinanyooka, na umbali kati ya chasisi na gurudumu unabadilika. Rodi hupita katika umbali huo huo. Utarekebisha breki ikae vizuri gari likiwa hewani, kisha ukilishusha chini utashangaa magurudumu yamekaza au yamelegea. Nimeona watu wakirudia kazi hiyo mara tatu bila kujua wanakosea wapi.

Halafu vumbi. Laining za zamani, yaani tabaka la juu ya viatu linalosugua dramu, zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Hata kama uliambiwa laining ni mpya, chukulia kuwa ni asbesto mpaka uone ushahidi. Usipulize kwa hewa ya kompresa, wala usipige brashi kavu. Lowesha kwa maji yenye sabuni kidogo, futa kwa kitambaa chenye unyevu, kitie kitambaa hicho kwenye mfuko na uufunge. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, si kitambaa cha kawaida cha kufunika pua.

Sikia pedali inasema nini

Kama breki bado zinaweza kulisimamisha gari, liendeshe taratibu mahali pasipo na watu wala magari mengine, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Jaribu breki ya mkono kwanza, kisha ya mguu. Usitafute kujua kama breki ni nzuri au mbaya; tafuta ni mbaya kwa namna gani, kwa sababu kila namna ina chanzo chake.

Pedali inayokwenda chini sana kabla ya kushika inakuambia kuna nafasi kubwa mahali fulani: kati ya laining na dramu, au kwenye pini zilizolika, au zote pamoja. Kamwe haikuambii kwamba rodi zimerefuka. Chuma hakirefuki hivyo.

Pedali ngumu kama unakanyaga jiwe, gari lisisimame, ni hadithi nyingine. Hapo viatu vinafika kwenye dramu lakini havishiki: laining zina oili au grisi, zimekuwa na uso wa kioo, hazigusi dramu kwa upana wake wote, au mikono ya kemu (kemu ni kipande kinachozunguka na kutanua viatu) imekaa katika pembe mbaya. Inawezekana pia shafti fulani imekaza kwa kutu, nguvu za mguu zikaishia hapo kabla hazijafika kwenye gurudumu.

Gari likivuta upande, kumbuka kwamba linavuta kuelekea upande unaoshika zaidi. Likivuta kulia, mara nyingi mgonjwa yuko kushoto, hafanyi kazi yake. Lakini usiape. Laining iliyoguswa na oili kidogo tu inaweza kung'ang'ania badala ya kuteleza, hivyo upande unaovuta unaweza kuwa ndio wenye ugonjwa. Kuna njia rahisi ya kutambua. Endesha kilomita chache ukifunga breki kwa upole mara kadhaa, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila dramu bila kuigusa. Kama una kipimajoto cha kupimia kwa mbali, ni bora zaidi. Dramu iliyo baridi haijafanya kazi. Dramu yenye moto kuliko wenzake inafanya kazi ya wengine, au haijiachii. Linganisha kushoto na kulia kwenye ekseli moja. Usilinganishe ya mbele na ya nyuma, kwa kuwa magari mengi hayakupangwa kugawa kazi sawa kati ya mbele na nyuma.

Pedali inayopiga mguu kwa mdundo, juu chini, juu chini, kufuata mzunguko wa gurudumu, ni dramu isiyo duara tena. Breki zisizojiachia ni springi dhaifu za kurudisha, kutu, au pedali inayogota kwenye ubao wa sakafu kabla ya kufika kwenye kituo chake. Hili la ubao ni dogo na linasahaulika sana baada ya mtu kubadilisha zulia. Breki inayolia kama filimbi mara nyingi ni vumbi au ncha za laining zilizo kali, nayo haina haraka.

Kuna dalili moja ambayo watu wa breki za mafuta hawaijui: breki za mbele zinazobadilika unapokata usukani. Kwenye magari mengi ya rodi, nguvu za kufunga breki ya mbele hupita kwenye kingpini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia unapokata usukani) au karibu nayo. Kingpini ikilika, au kiungo kinachopitisha nguvu hapo kikichakaa, kukata kona kunakaza breki ya gurudumu moja au kunailegeza. Ili kupima, mtu mmoja akanyage pedali nusu, mwingine azungushe usukani kutoka mwisho hadi mwisho huku wa tatu akisukuma gurudumu kwa mkono. Ugumu wa kulizungusha usibadilike sana.

Gurudumu kwanza

Inua gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, tafuta kama ni beringi au kingpini, na umalize hilo kabla ya kugusa breki. Dramu iliyofungwa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) inayoyumba haiwezi kukaa katikati ya viatu vyake, hata urekebishe vipi.

Sasa vua dramu. Pitisha kidole ndani yake: mifereji midogo inavumilika, lakini ukingo ulioinuka mwishoni na mabaka ya bluu yanayotokana na moto havivumiliki. Pima kipenyo cha ndani sehemu tatu au nne. Vipimo vikitofautiana, dramu imekuwa yai, na dawa yake ni kukerezwa, ikiwezekana ikiwa imefungwa kwenye habu yake ili duara lifuate beringi. Kila ukikereza unapunguza unene, na dramu nyembamba inatanuka zaidi ikipata moto, ikaviacha viatu na pedali ikazama katikati ya mteremko. Dramu za bati lililofinyangwa zina udhaifu huu zaidi ya zile za chuma cha kusubu. Ikiwa imeshakuwa nyembamba, usiihurumie.

Angalia laining. Zikiwa zimelowa oili, zitupe. Najua kuna wanaozichoma kwa moto au kuzichemsha kwa sabuni. Oili iliyozama ndani itarudi juu laining ikipata joto, na itarudi siku unayoihitaji breki kuliko siku zote. Halafu tafuta oili ilikotoka, la sivyo unaharibu laining mpya. Nyuma, chanzo kikubwa ni oilsili ya ekseli iliyochoka, difu (sanduku la giya la ekseli ya nyuma) iliyojazwa kupita kiasi, au tundu lake la kupumulia lililoziba hadi presha ikaisukuma oili nje. Mbele ni grisi ya beringi iliyopakwa kwa wingi na mtu mwenye mkono mkunjufu.

Laining mpya haina faida mpaka ifuate duara la dramu. Dramu iliyokerezwa imekuwa kubwa; kiatu kilichowekewa laining ya unene wa kawaida kitaigusa katikati tu. Paka chaki ndani ya dramu, rudisha dramu mahali pake, funga breki kidogo na uzungushe gurudumu mara mbili tatu. Vua uangalie alama ya chaki kwenye laining. Unataka alama iliyoenea sehemu kubwa ya laining. Ikigusa kwenye ncha tu, breki itang'ang'ania na kutetemeka. Chonga hizo ncha ziteremke kidogo. Ikigusa katikati kidogo, itakaa sawa baada ya muda, lakini ikiwa mguso ni mdogo sana peleka kiatu kikasagwe kufuata kipenyo cha dramu hiyo hiyo. Kusaga nako kuna vumbi, kwa hiyo tahadhari ni zilezile.

Kuna watu wanaopanga viatu kinyume. Katika kila dramu yenye kemu moja, kiatu kimoja kinavutwa na mzunguko wa dramu yenyewe na kujikaza zaidi, na kingine kinasukumwa kiachie. Kile cha kwanza ndicho kinachofanya kazi kubwa gari likienda mbele. Ukiona gari linasimama vizuri linaporudi nyuma kuliko linapokwenda mbele, fungua uangalie kama viatu na springi vimekaa upande wake.

Malizia kwa kemu na shafti yake. Shika mkono wa kemu uutikise. Shafti ikicheza kwenye bushi, sehemu ya nguvu inakwenda kuisukuma pembeni badala ya kutanua viatu. Badilisha bushi. Paka grisi ya kuvumilia joto kwa kiasi kidogo sana, tena kwa ncha ya kidole, na ufute iliyobaki.

Pini ndogo, hasara kubwa

Hapa ndipo gari nyingi za kale zinapoteza breki bila mwenyewe kujua. Kila mahali rodi inapokutana na mkono wa chuma kuna uma na pini. Kila pini inalika, na kila tundu linakuwa la umbo la yai. Ukiitazama pini moja utasema, ah, nusu milimita, si kitu. Tufanye hesabu. Tuseme kutoka kwenye pedali hadi gurudumu moja kuna pini nne, na kila moja ina nusu milimita ya kucheza. Hiyo ni milimita 2. Tuseme pia pedali imepangwa hivi kwamba rodi ikisogea milimita 1, mguu unasogea milimita 5. Umeshapoteza sentimita nzima ya safari ya mguu kabla ya laining kuanza kusogea. Na kibaya zaidi ni kwamba magurudumu hayaliki sawa. Lenye pini nzima litashika mapema, lenye pini mbovu litachelewa, na gari litavuta.

Njia ya kuzigundua ni hii. Gari likiwa juu ya stendi na injini imezimwa, mwambie mwenzako akanyage na kuachia pedali polepole, mara kumi, ishirini, huku wewe umelala chini na taa mkononi. Usiangalie vinavyopaswa kusogea. Angalia visivyopaswa kusogea. Utaona pini ikiinuka ndani ya tundu lake, shafti kuu (mhimili unaogawa mvuto wa pedali kwenda kwenye rodi) ikipanda ndani ya bushi kabla ya kuzunguka, mkono uliopinda kidogo, na wakati mwingine hata bracketi nzima ikisogea kwa sababu ribiti zinazoishikilia kwenye chasisi zimelegea. Hii ya bracketi nimeiona kwenye magari yaliyokuwa yamebadilishiwa laining, dramu na rodi zote, fundi akashindwa kuelewa kwa nini pedali bado ni laini kama sifongo.

Kutibu, pini mpya kwenye tundu lililotanuka ni kupoteza pesa. Tundu litobolewe upya kwa kipimo kikubwa kidogo na riima (kifaa cha kupanua tundu kwa kipimo sahihi), kisha pini ya kipimo hicho iingie bila kulegea, au liwekewe bushi. Usitumie bolti ya kawaida mahali pa pini: nyuzi zake ni kama tupa, zinalila tundu. Kila kotapini (kipini kidogo cha kukunjwa kinachozuia pini isichomoke) unayoitoa usiirudishe; weka mpya. Na unapofunga uma kwenye rodi, nyuzi zilizoingia ndani zisipungue urefu ulio sawa na unene wa rodi yenyewe, kisha kaza nati ya kufungia.

Mkono wa kemu na pembe yake

Sasa nieleze sababu ya kukataza kufupisha rodi.

Rodi inapouvuta mkono wa kemu, nguvu yake yote inatumika pale rodi na mkono vinapofanya pembe ya nyuzi 90. Ukitoka kwenye pembe hiyo unapoteza. Ukiwa umepotoka kwa nyuzi 45, kati ya kila sehemu 100 za nguvu zinafika kama 71 tu. Ukipotoka kwa nyuzi 60, zinafika 50. Mguu wako haujabadilika, lakini nusu ya kazi imepotea njiani. Kwa hiyo waliounda magari haya waliupanga mkono, ukiwa umepumzika, ulale kidogo nyuma ya nyuzi 90, kinyume cha upande unakovutwa, ili laining zikigusa dramu mkono uwe ndio umefika kwenye pembe yake bora.

Laining zinapolika, kuna sehemu maalumu ya kufidia: ajasta iliyoko kwenye bamba la nyuma ya dramu, aghalabu kabari yenye kichwa cha pembe nne au nati, ambayo inasogeza viatu karibu na dramu bila kuugusa mkono wala rodi. Mtu asiyeijua, au aliyeikuta imeganda kwa kutu, anakwenda kufupisha rodi. Pedali inapanda mara moja, naye anafurahi. Lakini alichokifanya ni kuuvuta mkono uanze safari ukiwa umeshapita mahali pake. Kila laining inapolika anafupisha tena, na kila mara breki inadhoofika huku pedali ikiwa juu kabisa, ikimdanganya.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo nilipokuwa kijana, kwenye gari dogo la miaka ya 1930. Kwa wiki mbili pedali ilikuwa nzuri kuliko ilivyokuwa tangu nilipolipata. Siku moja kwenye mteremko nilikanyaga kwa nguvu, kemu ya gurudumu la mbele kushoto ikazunguka ikapita kilele chake na kukwama. Gurudumu lilifunga moja kwa moja, gari likageuka, na likasimama likiwa limetazama nilikotoka. Hakukuwa na gari lingine barabarani, ndiyo maana naandika. Nilipofungua dramu nilikuta laining imebaki nyembamba kama ganda, na ajasta haijawahi kuguswa kwa miaka mingi.

Basi urefu wa rodi hupangwa mara moja, viatu, pini na bushi vikishakuwa vizima, na baada ya hapo rodi haiguswi. Kuupanga, legeza rodi kwenye mkono wa gurudumu, hakikisha pedali imekaa kwenye kituo chake na shafti kuu iko kwenye nafasi yake ya mapumziko, kisha rekebisha uma mpaka pini iingie yenyewe, bila kuvuta rodi wala kuisukuma. Ikibidi uivute ili pini iingie, tayari umeshafunga breki kidogo. Ikiwa ajasta imeganda, ilowekee mafuta ya kulegeza kutu kwa upande wa nje wa bamba usiku kucha, na uzuie yasifike kwenye laining.

Kama gari lako ni la waya

Waya una mambo yake, ila machache. Angalia mwisho wake, pale unapoingia kwenye kichwa. Nyuzi moja moja hukatika hapo kwanza. Ukiona hata nyuzi moja imekatika, waya wote ubadilishwe. Usiunge, usichomelee. Ganda la nje lililobonyea au lililokunjwa kona kali linakula nguvu, kwa sababu waya unasugua ndani yake na ganda lenyewe linajikunja badala ya kupitisha mvuto. Magari mengine yana kigawanyo, kipande kinachoyumba kati ya waya wa kushoto na wa kulia ili vivutwe sawa. Kikiganda, gari litavuta upande hata kama kila kitu kingine ni kipya. Kisogeze kwa mkono; kiyumbe bila kinyongo.

Jambo jingine la waya na la rodi pia: ekseli ya mbele iliyobebwa na springi za mabamba hujaribu kujisokota breki zikifungwa. Springi zikiwa zimechoka au boliti zake zimelegea, msokoto huo unaweza kulegeza breki ya mbele pale pale unapoihitaji. Kaza boliti zinazofunga ekseli na springi kabla hujalaumu breki.

Kurekebisha na kusawazisha

Magurudumu yote manne yawe hewani, stendi chini ya ekseli, giya iko fri, breki ya mkono imeachiwa kabisa.

1. Kwenye kila gurudumu, kaza ajasta mpaka gurudumu lisizunguke. Hii inavipeleka viatu katikati ya dramu. Kisha legeza kidogo kidogo mpaka gurudumu lizunguke huru, ukisikia mguso mwepesi tu, au usisikie kabisa.

2. Angalia pedali. Kwenye magari mengi huwa na safari huru ya kama sentimita mbili hadi mbili na nusu kabla ya kuanza kushika; fuata kitabu cha gari lako. Ikiwa haina safari huru kabisa, breki zitakamata zikipata joto.

3. Kata kipande cha mbao kinachoweza kukaa kati ya pedali na kiti, na vipande vyembamba vya kuongeza. Mguu wa mtu hauwezi kushikilia nguvu ileile kwa dakika kumi. Mbao inaweza. Banza pedali mpaka breki zianze tu kushika.

4. Zungusha kila gurudumu kwa mkono. Kwa kipimo cha kweli tumia mizani ya ndoano: funga kamba kwenye ukingo wa tairi, mahali palepale kwa kila gurudumu, vuta, na andika ni kilo ngapi zinahitajika ili lianze kuzunguka. Magurudumu mawili ya ekseli moja yalingane. Kati ya mbele na nyuma, fuata kitabu. Magari kadhaa ya miaka ya 1920 na 1930 yalipangwa nyuma zishike kidogo kabla ya mbele, usibadilishe kwa mazoea ya gari lako la kisasa.

5. Yasipolingana, legeza lile linaloshika sana, usimkaze mnyonge. Mnyonge tayari yuko kwenye nafasi yake ya karibu, ukimkaza ataanza kusugua barabarani. Asipofikiwa hata baada ya kuwalegeza wenzake, rudi kwenye dramu yake; kuna kitu ulikiruka.

6. Ongeza kipande chembamba, pedali ishuke zaidi, urudie vipimo. Wakati mwingine magurudumu hulingana kwenye mguso mdogo na kuachana kwenye nguvu kubwa. Hiyo ni dalili kwamba pembe za mikono ya kushoto na kulia hazifanani.

Breki ya mkono irekebishwe mwisho, baada ya ya mguu kukubali. Kama zinatumia viatu vilevile, hakikisha waya wake una ulegevu kidogo ikiwa imeachiwa, vinginevyo itakuwa inazishikilia breki za nyuma siku nzima.

Barabarani

Kabla ya kutoka, hesabu kotapini. Kwa kweli, zihesabu kwa kidole, moja moja.

Laining mpya zinahitaji kuzoeana na dramu. Nenda kama kilomita 30 kwa saa, funga breki kwa upole mpaka karibu usimame, endelea bila kufunga breki kwa muda ili zipoe, kisha rudia mara ishirini hivi. Usizibane kwa nguvu siku ya kwanza. Utazipa uso wa kioo.

Baadaye pima. Mahali tambarare na pakavu, ukiwa kwenye kilomita 30 kwa saa, funga breki kwa uthabiti. Gari lililopunguza mwendo kwa nusu ya nguvu ya mvutano wa dunia litasimama kwa kama mita 7. Hicho ni kiwango kizuri kwa gari la namna hii. Ila kumbuka kwamba umbali hauongezeki sawa na mwendo: kwa breki zilezile, kilomita 50 kwa saa zinataka kama mita 20, na kilomita 80 zinataka kama mita 50, bila kuhesabu muda wa wewe kuona hatari na kusogeza mguu. Acha nafasi mbele yako kwa hesabu hiyo, maana dereva wa gari la kisasa anayekuingilia mbele hajui kwamba huna breki kama zake.

Angalia pia alama za tairi kwenye vumbi ukifunga kwa nguvu. Gurudumu moja likichora mstari peke yake, rudi hatua ya nne.

Baada ya kilomita 100 au 150 inua gari tena. Laining zitakuwa zimekaa, na nafasi itakuwa imeongezeka. Kaza kwenye ajasta, kila gurudumu kwa kiasi kilekile, na usiguse rodi. Tia grisi kwenye bushi za shafti kuu na tone la oili kwenye kila pini. Gari likikaa bandani kwa wiki kadhaa, liache na kabari kwenye magurudumu na breki ya mkono ikiwa imeachiwa, la sivyo laining zitagandana na dramu kwa unyevu, na utaanza safari kwa kusikia kishindo cha gurudumu linalonasuka.